Jedwali la kwenye skrini si data: niliyoyaona kwa kuhesabu vyombo vya madiko ya Pemba

Nianze na hili maana ndo linalowasumbua wengi wanaoanza: ukiandika tab diko kwenye Stata, programu ya kuchambua data, (tab ni amri ya jedwali, na diko ni pahala vyombo vya uvuvi vinaposhushia samaki) likakutokea jedwali lako zuri, asilimia zake pembeni na jumla chini, bado huna kitu mkononi. Una picha tu. Huwezi kuichorea grafu ile, huwezi kuiunganisha na faili jengine, na bosi akija mwezi ujao anataka vilevile lakini na data mpya utakaa uanze upya. Nimewaona watu na digrii zao wanakopi namba moja moja kutoka kwenye skrini wanazipeleka Excel, diko moja, mtego mmoja, mwezi mmoja, mpaka macho yanawatoka machozi, na katikati ya hapo mtu anaitwa chai akirudi karuka mstari. Na hiyo yote ni kwa sababu hakuna aliyewambia kuwa ile idadi yenyewe inaweza kuwa data, yaani faili kamili lenye mistari na safu zake, kila mstari kundi moja, na safu moja ya idadi.

Kazi yangu mie ni data za uvuvi, niko Chake Chake. Bwana diko, yule anayesimamia diko, anaandika fomu kila chombo kinapotia nanga: tarehe, diko, aina ya chombo kama ni ngalawa au dau au mashua au boti ya faiba, mtego gani, wavuvi wangapi, samaki gani, kilo ngapi, wameuzwa bei gani. Fomu zinakuja ofisini, zinaingizwa, halafu watu wa juu wanataka kitu kimoja tu, vyombo vingapi, wapi, lini, kwa mtego upi. Swali la mtoto wa skuli hilo. Lakini wallahi kila niliposhika hizi data nimekuta kuhesabu ndo kugumu kuliko hayo mahesabu makubwa makubwa ambayo watu wanayaogopa.

Amri zenyewe ni mbili na hazina uchawi. Ya kwanza contract:

contract diko mwezi mtego, freq(vyombo)

Hapo Stata inakusanya mistari yako yote elfu na kitu, inakubakishia mstari mmoja kwa kila mchanganyiko wa diko na mwezi na mtego, na safu mpya inayoitwa vyombo. Usipoipa jina inaipa yenyewe, _freq. Ya pili collapse, hii ina maneno mengi zaidi maana inaweza kujumlisha, kutoa wastani, kuhesabu na mengine kwa mpigo mmoja, we unaiambia tu ufanye nini na kwa makundi yepi. Mtu anayetaka idadi peke yake contract inamtosha, anayetaka idadi na kilo na wastani wa bei pamoja basi collapse.

Zote mbili lakini zina tabia moja: zinakula data zako. Yaani ukishapiga enta zile fomu hazimo tena kwenye kumbukumbu, zimebaki idadi tu. Kwa hiyo juu yake unaandika preserve, inayokuwekea data zako, na chini yake, ukishasevu faili la idadi kwa jina jengine, restore, inayokurudishia. Au kama una Stata 16 na kuendelea, hiyo iliyotoka 2019, unatumia frames, unapeleka nakala kwenye fremu nyengine unaikunja huko (kukunja ndo kupiga contract au collapse), data zako zimekaa pale pale hazijaguswa. Mwenzetu mmoja ofisini alipiga contract kisha akasevu na replace juu ya jina lile lile la faili kuu, jioni ya alkhamisi tena, na nakala iliyokuwepo kwenye fleshi ilikuwa ya zamani. Watu waliingiza fomu upya, na fomu nyengine zilishaloa mvua ya masika. Tangu siku hiyo faili la fomu pale kwetu liko kwenye folda ya kusomwa tu, hakuna anayeweza kulisevu juu yake hata akitaka.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, maana amri mtu anazisoma popote. Kabla hujahesabu jiulize mstari mmoja ni nini. Sie tulikuwa tunasema "vyombo" lakini angalia ngalawa moja imeingia asubuhi pale Wesha, imeleta changu kilo 6, taa kilo 9, pweza kilo 2. Kwenye fomu ni ngalawa moja, kwenye kompyuta ni mistari mitatu kwa sababu kila aina ya samaki ina mstari wake. Ukipiga contract hapo unapata vyombo vitatu. Boti ya dagaa inaleta dagaa tu, mstari mmoja, chombo kimoja, hiyo iko sawa. Matokeo yake wenye madema na mishipi, ambao wanaleta samaki mchanganyiko, wanaonekana wengi kweli kweli, na wenye boti za dagaa wanaonekana wachache, na hakuna hata namba moja ambayo programu imekosea, we ndo uliyehesabu samaki ukawaita vyombo. Dawa yake:

egen safari = tag(diko tarehe chombo)
collapse (sum) vyombo=safari kilo (count) pimwa=kilo, by(diko tarehe)

Ile tag inaweka 1 kwenye mstari mmoja tu wa kila chombo kwa siku ile na 0 kwenye iliyobaki, ukijumlisha unapata vyombo vya kweli. Ila nayo ina lake. Kama namba ya chombo haikuandikwa, na ngalawa nyingi hazina namba iliyopakwa rangi ikasomeka, tag inampa 0 yule, kwa hiyo chombo kimepotea, na ukiweka chaguo la missing basi wasio na namba wote wa siku ile wanahesabiwa chombo kimoja. Huku unapunjwa na huku unapunjwa. Ndo tukakubaliana na mabwana diko kila safari iandikwe namba yake ya mfululizo kwenye fomu, moja mbili tatu, chombo kiwe na namba ya usajili kisiwe nayo. Na hapo pia ufahamu kwamba unachohesabu sasa ni safari si chombo, mtu anaweza kutoka mara mbili kwa siku, maji ya asubuhi na maji ya jioni. Bosi akisema vyombo muulize anataka kipi, hatokasirika, akikasirika shauri yake.

Umeona pale nimeweka na pimwa? Ile si pambo. Collapse ukiiambia (count) inahesabu mistari yenye thamani tu, iliyo tupu inairuka. Na ukiiambia (sum) kwenye kundi ambalo kilo zote ni tupu, haikupi tupu, inakupa 0. Rudia kusoma hapo. Siku ambayo samaki wameuzwa kwa mitungo, dalali kanadi, wachuuzi wamechukua, hakuna aliyepima, faili lako litasema kilo 0, kama kwamba vyombo vyote vimerudi mikono mitupu. Ukiwa na safu ya pimwa pembeni unaona, pimwa ni 0, basi ile kilo 0 si njaa, ni mizani haikutumika. Mie siku hizi kila safu ya jumla lazima iwe na safu ya idadi ya waliopimwa kando yake, hata kama wa juu hawataki kuiona, nitaifuta mwisho.

Na kuna diko moja pengo la vyombo na pimwa lilikuwa kubwa kila mwezi, tukadhani bwana diko mvivu, kumbe pale mnada unaanza chombo bado kiko majini, samaki wanashuka wameshakuwa wa mtu na mwenyewe hataki wapimwe mbele za watu. Haya mambo hayamo kwenye programu yoyote, ila safu mbili za idadi zikikaa pamoja zinakuonesha pa kwenda kuuliza.

Kubwa kuliko yote lakini ni sifuri. Dagaa huku wanavuliwa usiku kwa taa, zamani karabai sasa taa za sola na betri, na mwezi ukiwa mkubwa taa haifanyi kitu, dagaa hawakusanyiki, kwa hiyo siku za mbaamwezi watu wanapumzika, wanashona nyavu, wanapaka vyombo. Sasa siku ambayo hakuna boti ya dagaa hata moja iliyoshuka, kwenye fomu hakuna mstari wake. Hakuna mstari, basi contract haina cha kukunja, basi kwenye faili la idadi siku ile haipo. Haipo kabisa, si kwamba imeandikwa 0. Halafu mtu anachukua wastani wa vyombo kwa siku, anapata wastani wa siku walizotoka tu, namba inapanda, ripoti inasema diko hili linashusha boti kadhaa kila siku. Kila siku wapi, na mbaamwezi je?

Wajuzi watakwambia weka zero mwisho wa contract, nayo kweli inaleta kila mchanganyiko hata usiokuwepo na kuupa 0. Au fillin baada ya kukunja, hiyo inaleta mistari isiyokuwepo ikiwa na nukta, yaani tupu, na 0 unaijaza mwenyewe. Mie nasema ngoja kwanza. Zero inachanganya kila diko na kila tarehe na kila mtego bila kujua chochote kuhusu bahari. Itakupa 0 ya siku ambayo watu hawakutoka, hiyo ni sifuri ya haki. Itakupa 0 ya siku ambayo bwana diko hakwenda kuandika, na hapo unasema uongo, vyombo vilishuka, hapakuwa na mtu wa kuhesabu. Itakupa na 0 ya mtego ambao diko lile halijawahi kuwa nao tangu enzi, hizo nazo zinajaza faili tu. Sifuri tatu, zimefanana kama watoto wa kambo waliovishwa sare moja, na ukishazichanganya hutozitenganisha tena.

Tulichofanya sie ni kuwa na daftari la mahudhurio, mstari mmoja kwa kila diko na kila siku ambayo bwana diko alikuwepo kazini, alete fomu asilete. Aliyekuwepo na hakuandika chombo, anaandika "hakuna". Daftari hilo nalo likaingizwa kwenye kompyuta, na hapo ndo kazi inakwenda kinyume na wanavyofanya wengi: huanzi na idadi ukatafuta wasiokuwepo, unaanza na mahudhurio ukaziita idadi.

use mahudhurio, clear
merge 1:1 diko tarehe using idadi
replace vyombo = 0 if _merge==1

Merge inaunganisha mafaili mawili na kuweka safu ya _merge inayosema kila mstari umetoka wapi: 1 kwenye mahudhurio tu, 2 kwenye idadi tu, 3 kote kuwili. Wale wa _merge 1 ni siku ambazo mtu alikuwepo na hakuna chombo, hao ndo sifuri halali. Wa 3 wako sawa. Na siku ambazo hazimo kwenye daftari hazipewi kitu, zinabaki hazipo, kama zilivyo. Halafu kuna wa 2, hawa wanafurahisha, siku ambazo fomu zipo lakini mahudhurio yanasema hakuna mtu kazini. Nani kaandika? Hapo unashika simu. Mara nyengine ni tarehe imeandikwa vibaya, mara nyengine mtoto wa bwana diko kamshikia baba yake kalamu, na kaandika vizuri kuliko baba.

Na kwa kuwa nimeshataja mwezi, niseme na hili maana sijaliona likielezwa sana. Watu wanakunja kwa mwezi wa kalenda, Januari Februari, kwa sababu ndo ripoti inavyotaka. Lakini mvuvi wa dagaa hana habari na Februari. Mzunguko wake ni wa mwezi wa juu, siku 29 na nusu na kidogo, kwa hiyo mwezi wa kalenda mara unaangukia na giza jingi mara na mbaamwezi nyingi, na idadi inapanda na kushuka bila bahari kubadilika. Nikatengeneza umri wa mwezi kwa siku:

gen umri = mod(tarehe - td(06jan2000), 29.530588)

Tarehe 6 Januari 2000 mwezi ulianza mzunguko mpya, giza tupu, na 29.530588 ndo urefu wa wastani wa mzunguko, ukigawa kinachobaki ni umri wa mwezi siku ile, unaweza kukosea kwa siku moja hivi, si kitu. Karibu na 0 au 29 ni giza, karibu na 15 mwezi umekamilika. Ukikunja kwa makundi ya umri badala ya Januari Februari, boti za dagaa zinakaa mahala pake mara moja, unaliona shimo la katikati. Ukiwaonesha wavuvi hawashangai hata kidogo, wanakutizama tu kama kwamba umewambia maji ya bahari yana chumvi. Walioshangaa ni wa ofisini.

Kuna na suala la vitupu kwenye kundi lenyewe. Fomu haikuandikwa mtego, tuseme. Tab inawaficha hao mpaka uiambie missing, contract inawaweka kundi lao wenyewe mpaka uiambie nomiss. Kwa hiyo mtu katoa jumla kwa tab, mwengine kwa contract, data ile ile, jumla mbili, kisha kikao kizima kinakuwa kugombana. Shoga yangu wa Unguja anafanya kwa R, programu nyengine ya takwimu, nako ndo vivo hivo, table inawatupa walio tupu mpaka umuandikie useNA, count ya dplyr inawaonesha. Na count hiyo haileti sifuri, mpaka safu iwe faktori na useme .drop = FALSE. Kwenye SAS unapata faili la idadi kutoka PROC FREQ kwa OUT= na sifuri kwa SPARSE, ila PROC SUMMARY ukimuwekea CLASS anatupa mstari mzima ikiwa hata safu moja ya makundi ni tupu, usipomwambia MISSING. SPSS ni AGGREGATE, na pale angalia N na NU, maana ya kwanza inafuata uzito uliowekwa, ya pili ni kesi halisi. Wa pandas, ile ya Python, groupby nayo inawaacha walio tupu pembeni. Kila mmoja na desturi ya kwao, ukihamia nyumba mpya uliza kwanza.

Majina sitaki kuyasema sana maana kila mtu ameshateseka nayo, TUMBE na Tumbe na Tumbe yenye nafasi mwishoni ni madiko matatu kwa kompyuta, strtrim na proper zinamaliza. Zisichomaliza ni mtu kuandika "Shumba" tu, na sie tuna Shumba Mjini na Shumba Viamboni. Hapo hakuna amri. Tumia kodi za namba. Na ukitaka kuunganisha idadi yako na watu wa sensa jua mipaka yenyewe inahama, sensa ya 2012 kule Unguja ina Wilaya ya Magharibi moja, sensa ya 2022 ina Magharibi A na Magharibi B, Zanzibar nzima kutoka watu 1,303,569 mpaka 1,889,773. Ukiunganisha kwa jina la wilaya Magharibi yako ya zamani haitompata mwenzake, na merge haitokupigia kelele, itakuwekea 1 na 2 pembeni kimya kimya.

Ndo maana kila nikimaliza kukunja naangalia jumla ya safu ya idadi ni sawa na mistari niliyoanza nayo, au na jumla ya safari kama nilitumia tag. Naiandika kwa assert kabisa ndani ya faili la amri, ikiwa si sawa kazi inasimama yenyewe hapo hapo, hata kama ni saa kumi na bosi yuko mlangoni.

Faili la idadi liweke refu, mstari kwa kila kundi, mpaka dakika ya mwisho. Wakubwa wanataka pana, madiko chini na miezi juu, hiyo ni reshape wide moja tu kisha export excel, lakini pale kwenye kupanua michanganyiko isiyokuwepo inatoka nukta, na mtu wa Excel akiona tupu anajaza 0 kwa nia njema kabisa, na kazi yote ya mahudhurio imekwenda na maji. Kwa hiyo mie napeleka na alama: 0 ni sifuri iliyoshuhudiwa, na kistari ni siku au mwezi usioandikwa. Robo iliyopita bosi akaniita, hivi vistari vya Kojani ni nini, jedwali linaonekana bovu, jaza sifuri. Nikamfungulia daftari la mahudhurio nikamuonesha, zile siku bwana diko alikuwa Wete kwenye harusi ya binti yake na fomu alikwenda nazo kwenye mkoba. Bosi akacheka, akasema haya viache, lakini chini ya jedwali muandikie mtu afahamu. Nikaandika.